Mabonde Mekundu ya Goti la Kulia

Maneno yalikuwa matatu tu, yamechapwa chini kabisa ya karatasi, chini ya michoro: Mgonjwa hafuati maelekezo. Niliyasoma Jumanne ya tarehe 22 Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye benchi la kituo cha mazoezi ya tiba hapa Sumbawanga mjini. Binti yangu alikuwa pembeni yangu, amenyoosha mguu wa kulia kama alivyofundishwa. Niliyasoma tena, kwa sababu nilijifunza kusoma ukubwani, na mtu aliyejifunza ukubwani hayaamini macho yake kwa mara moja.

Mgonjwa huyo ndiye kitinda mimba wangu, wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya shule yake. Jumamosi ya tarehe 15 Februari, katika mechi ya kirafiki, aliruka kuudaka mpira akatua kwa mguu mmoja, na mwili ukageuka kabla mguu haujawa tayari kugeuka. Mimi nilikuwa sokoni nauza maharage. Hospitali huko Mbeya walimpiga picha ya ndani ya goti, wakasema gegedu, kile kitu laini kinachokaa kati ya mifupa miwili kama mto, kimechanika upande mmoja. Hakuna haja ya kupasua, walisema, ikiwa kitatunzwa. Kutunza kwenyewe kulikuwa na sharti moja: kwa majuma kadhaa goti hilo lisikunjwe sana huku limebeba uzito wa mwili. Likunjwe nusu tu, basi.

Orodha ya timu ya mkoa ilikuwa ifungwe Ijumaa ya tarehe 25 Aprili. Mwalimu wa michezo alikuwa amemshikia binti yangu nafasi, kwa masharti ya kuletewa barua ya mtaalamu inayosema kwamba goti linapona na kwamba mwezi wa tano mchezaji ataanza kukimbia. Nafasi hiyo mtoto aliitamani tangu kidato cha kwanza, alipoachwa kwa kuwa mdogo, na kidato cha pili, alipoachwa kwa sababu ambayo hakuna aliyetueleza. Sasa nilikuwa nimeshika karatasi siku tatu kabla ya orodha kufungwa, nayo ilimwita mkaidi kwa lugha ya ofisini.

Karatasi nazijua. Mume wangu alipofariki, nilikwenda ofisini kutafuta cheti, karani akaniuliza tarehe ya kifo. Nikamwambia, wakati wa kuvuna ulezi. Karani alicheka, si kwa ubaya, akaandika tarehe moja Julai. Mume wangu hakufa tarehe moja Julai. Nilirudi mara tatu kuomba isahihishwe, na mara zote nikaulizwa ushahidi wa maandishi, mimi ambaye wakati ule nilitia dole gumba. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka thelathini na minne, niliingia darasa la watu wazima. Nilifika hadi mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikakaa chumba kimoja na watoto walioniita mama. Tangu juma lile nilipoweza kuandika, nina daftari. Kila siku nafungua mstari, natia tarehe, naandika tulikokwenda na tulichofanya. Sitaki tena mtu aniandikie siku zangu.

Niieleze mashine. Kituoni walikuwa na kamera juu ya miguu mitatu na kishikwambi. Binti yangu alibandikwa vidoti vyeupe nyongani, gotini na kwenye kifundo cha mguu, akaambiwa atembee juu ya utepe uliobandikwa sakafuni. Kwenye kishikwambi palitokea mtu wa vijiti, hana uso wala nguo, anatembea kama mwanangu anavyotembea, na kando yake namba za pembe zikibadilika kwa kila hatua. Niliona jinsi mtu wa vijiti alivyouonea mguu wa kulia huruma. Nilivutiwa, sitasema uongo. Nilijiambia kwamba huyu karani mpya hataandika tarehe moja Julai.

Kwa ajili ya nyumbani tulipewa mkanda, Jumanne ya tarehe 11 Machi. Ulikuwa na vifaa viwili vya ukubwa wa kiberiti, kimoja juu ya goti na kingine chini yake. Mtoto auvae tangu anapoamka mpaka anapolala, usiku uwekwe kwenye chaji. Kila baada ya majuma mawili tungerudi, mtaalamu angeuchomeka kwenye kompyuta, nao ungesimulia kila mkunjo wa goti kwa siku na saa. Mkunjo wa kawaida ungechorwa kama kibonde cha bluu. Mkunjo uliopita kiasi ungekuwa bonde jekundu.

Mtaalamu ni kijana wa Tanga, wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye mikono safi. Anaitika haraka na anaandika haraka. Siku ile ya mkanda alituuliza maswali mengi kuliko daktari yeyote niliyewahi kumwona.

"Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, mama?"

"Ni cha kuchuchumaa."

"Tafuta fundi seremala akutengenezee kiti chenye tundu. Maji mnachota wapi?"

"Bomba la jirani."

"Asibebe ndoo. Shambani?"

"Hataenda."

"Kanisani mnapiga magoti?"

"Sisi ni Wakatoliki, mwanangu. Tunapiga sana."

"Yeye akae. Mungu ataelewa."

Nilitekeleza yote. Kiti chenye tundu kiliisha Alhamisi ya tarehe 13 Machi. Kanisani, wengine wote walipopiga magoti, binti yangu alibaki ameketi benchini na uso ukimwaka, mimi nikimshika bega ili waliotazama wajue ana ruhusa. Maji nilichota mwenyewe.

Tarehe 25 Machi tulirudi. Kompyuta ilipofunguka, mstari wa goti ulikuwa umejaa mabonde mekundu. Mengine yalikuwa ya alfajiri, saa kumi na mbili na robo, kila siku bila kukosa. Mengine yalikuwa ya asubuhi njiani kwenda shule, na mengine ya alasiri. Jumapili ndiyo ilikuwa imechafuka kabisa.

Mtaalamu alikigeuza kiti chake, akamtazama binti yangu. "Dada, nakuelewa. Wachezaji wote mnafanya hivi. Unaona unachelewa, unaamka mapema kufanya mazoezi ya kuchuchumaa kwa siri. Jumapili unakwenda kiwanjani."

"Siendi," alisema binti yangu.

"Mashine haina chuki na mtu."

"Mama, siendi."

Sasa nitaandika jambo ambalo ningependa kulificha. Sikumwamini. Nilirudi nyumbani nikachukua viatu vyake vya michezo nikavifungia sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya kanga. Mpira nilimpelekea mwalimu wa michezo kwa mikono yangu. Asubuhi nilianza kumsindikiza hadi lango la shule, mwanamke mtu mzima nikimfuata mtoto nyuma kama askari. Marafiki zake walimtania kwamba ameongezewa kivuli. Yeye hakununa. Alikuwa akitembea mbele yangu polepole, akisimama kwa kila mtu mzima tuliyekutana naye, na mimi nikisimama nyuma yake, nikiona na nisione.

Tarehe 8 Aprili mabonde mekundu yalikuwa vilevile. Mtaalamu hakumtazama tena binti yangu, alinitazama mimi. "Mama, tusaidiane. Mimi nina kazi ya kuponya, sina kazi ya kulinda." Nilitoka pale nimeuma meno. Njiani nilimwambia mwanangu maneno ambayo baba yake asingeyasema. Nilimwambia anafuja kitu ambacho mimi sikupewa. Alilia bila sauti mpaka nyumbani, akaenda kwa bibi yake.

Bibi huyo ni mama wa marehemu mume wangu. Tunakaa naye uani, chumba chake kinatazamana na jiko. Umri wake haujulikani. Nilijaribu kuuhesabu kwa njaa na nzige anazozikumbuka, nikapata kama themanini na mbili. Kiswahili anakifahamu lakini hakiheshimu. Nyumbani kwake ni Kifipa tu.

Ndipo ikaja ile Jumanne ya tarehe 22 Aprili na yale maneno matatu. Niliomba barua isitolewe bado. Mtaalamu alisema anaweza kuishika hadi Alhamisi, si zaidi, maana mwalimu naye anaisubiri. Nikaomba nakala ya michoro. Akanichapia kurasa sita.

Kesho yake, Jumatano, nilirudi kutoka sokoni saa nane, nikakaa barazani na kurasa zile sita upande mmoja na daftari langu upande mwingine. Nilikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua ni siku gani hasa mtoto alinidanganya, nimwonyeshe tarehe. Nikatafuta siku yenye mabonde mekundu mengi kuliko zote. Haikuwa Jumapili. Ilikuwa Alhamisi ya tarehe 10 Aprili.

Nikafungua daftari. Mstari wa tarehe 10 Aprili ulisema: Msibani Laela, mimi na mtoto, tumeondoka kwa basi la saa moja, tumerudi saa kumi na moja jioni.

Niliweka kalamu chini. Siku ile mtoto hakuwa mbali na mimi hata kwa kitambo cha kwenda kisimani. Tulikaa kwenye mkeka pamoja, yeye mguu ameunyoosha na wanawake wakimpisha. Hapakuwa na kiwanja wala mpira, na hakuna mtu anayefanya mazoezi ya kuchuchumaa matangani. Hata hivyo, mashine ilikuwa imechora msitu mwekundu, mabonde yamebanana tangu saa nne tulipofika mpaka saa sita, halafu tena saa nane tulipokuwa tunaaga.

Kwanza nilidhani mashine imeharibika, na moyo ukaniruka kwa furaha. Nilikuwa bado katika furaha hiyo binti yangu alipoingia uani kutoka shule. Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake anachambua mboga. Mtoto aliweka begi chini, akamwendea, akashuka, magoti mawili yakakaribia ardhi, akapiga makofi ya taratibu, matatu, akasema maneno yanayosemwa, bibi akaitika kirefu kama anavyoitika, mtoto akainuka.

Chini, kitambo kidogo, juu. Mbele yangu kwenye karatasi mstari ulikuwa unashuka, unatulia kitambo kidogo, unapanda.

"Njoo hapa," nilisema. "Umefanya nini sasa hivi?"

"Nimefanya nini?" Aligeuka kuangalia begi, akidhani ameliweka vibaya.

"Hapo kwa bibi."

"Nimemsalimia bibi."

"Umepiga magoti."

"Sijapiga magoti, mama. Nimesalimia."

Na hakuwa anabisha. Kwetu kupiga magoti ni jambo la kanisani au la mtu anayeomba msamaha. Salamu ni salamu. Kushuka kumo ndani yake, kama irabu ilivyo ndani ya neno; huwezi kuitoa ukabakiwa na salamu. Mtaalamu aliuliza choo, maji, shamba na kanisa. Hakuuliza salamu, kwa kuwa kwao Tanga shikamoo hutolewa mtu amesimama wima. Mimi sikumwambia, kwa kuwa hakuna mama wa Kifipa anayehesabu salamu kuwa kazi ya goti. Wala binti hakushuka pale kituoni, kwa kuwa kijana yule hakuwa mzee wa kushukiwa. Alimsalimia kwa habari za asubuhi. Alfajiri bibi, njiani wazee, Jumapili nje ya kanisa wazee wote kwa pamoja. Ilikuwa pale kila siku, na mimi ndiye niliyemfundisha, akiwa na miaka mitatu, nikimkandamiza bega kwa mkono huu.

Alhamisi ya tarehe 24 Aprili nilikuwa kituoni kabla hakujafunguliwa. Mtaalamu alifika na chai yake kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo mama. Tumekubaliana leo, sivyo?"

"Marahaba. Nimekuja kukuonyesha mchezo anaoucheza mwanangu kwa siri."

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akatabasamu, na tabasamu lile likanikera. "Mama, salamu moja mbili, sawa. Lakini hizi ni nyingi mno. Na tazama hapa chini ya bonde, mstari unatikisika. Hii nimeiandika kwenye taarifa: misuli inatetemeka kwa uchovu. Hapa mtu anafanya mazoezi mazito."

"Nifunge mimi mkanda kama wake."

"Wewe?"

"Goti ninalo."

Akatoa mwingine kabatini, akanifunga, juu ya kitenge kwa sehemu ya paja na chini ya goti kwenye soksi. Akasimama mbele yangu, anangoja. Nikaona amekaa mahali pa kusalimiwa. Sasa, mimi ni mjane kwa miaka kumi na sita. Namshukia mama mkwe, nawashukia wakubwa wangu, na Mungu nampigia magoti. Sikuwa tayari kumshukia kijana aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nimeolewa, hata kwa ajili ya sayansi.

"Sogea pembeni," nilimwambia.

Nikachukua kikapu changu, nikakiweka juu ya kiti, nikakishukia kikapu. Nilikisalimia kama ninavyomsalimia mama mkwe siku ya sikukuu, bila kupunguza kitu, na makofi yangu matatu ya taratibu. Nikainuka, goti likalia kidogo.

"Kikapu kimeitika, mama?"

"Angalia kompyuta yako."

Alinivua mkanda, akauchomeka, akaangalia. Bonde lilikuwa jekundu. Akalikuza kwa vidole mpaka likajaa kioo kizima, na chini kabisa, pale mstari unapotulia, palikuwa na vimeno vitatu vidogo, vimepangana kama meno ya kitana kilichovunjika. Akafungua ukurasa wa binti yangu, akakuza bonde la alfajiri ya tarehe 12 Machi. Vimeno vitatu. Tarehe 13. Vitatu. Akafungua siku ya msiba. Nilisikia tu kidole chake kikibofya.

"Makofi," alisema hatimaye.

"Makofi."

"Nimeandika misuli inatetemeka."

"Umeandika na hafuati maelekezo."

Aliona aibu, na nilipenda kumwona na aibu kwa muda ule mfupi. "Sikuuliza," alisema.

"Nami sikusema. Basi futa."

Aliyafuta maneno yale matatu mbele yangu. Akaandika: Mgonjwa amefuata maelekezo yote aliyopewa. Nilimwambia atie tarehe, akatia. Nilikuwa nimekwisha kuinua kikapu niende moja kwa moja shuleni kwa mwalimu, nikamwona bado anaandika.

"Mama, kaa kwanza."

"Nini tena?"

"Hii ya juu inamhusu yeye. Bado goti." Aligeuza kompyuta nione. "Goti halijui kwamba ni salamu. Kwa goti, kuchuchumaa ni kuchuchumaa. Limekunjwa hivi kwa majuma sita. Nikiandika kwamba mwezi wa tano atakimbia, nitakuwa nimedanganya, na litachanika lote."

Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia kwamba mashine yenye akili ya kuona makofi ilipaswa kuwa na akili ya kuuliza. Nilimwambia kwamba kama angeandika swali badala ya hukumu tarehe 25 Machi, tungekuwa na mwezi mzima. Hakubisha. Alisema ni kweli, na kwamba hata hivyo hawezi kuandika. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote: mtu anayekubaliana nawe na mlango ukabaki umefungwa.

Barua ilikwenda hivyo, na mistari miwili: mgonjwa amefuata maelekezo yote aliyopewa, goti halijawa tayari. Ijumaa ya tarehe 25 Aprili orodha ilifungwa. Nafasi yake ilichukuliwa na msichana wa Nkasi, nasikia ni mrefu.

Nilipomweleza binti yangu, alikuwa ameshika ufunguo wa sanduku niliomrudishia pamoja na kuomba radhi. Aliugeuzageuza.

"Kwa hiyo, mama, ningekuwa sina adabu, ningecheza?"

Nina cheti cha kidato cha nne. Nilichukua ndoo nikaenda bombani.

Kuanzia siku hiyo agizo lilikuwa asalimie akiwa amesimama. Ni rahisi kuandika. Jumapili ya tarehe 27 Aprili, baada ya misa, nilitembea hatua mbili mbele yake kama mpiga mbiu, nikimwahi kila mzee: ana mkanda, ana goti, msimdhanie vibaya. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alimtazama mguuni akamtazama usoni.

"Kwa hiyo huo mkanda ndio unaokataza?"

"Ndiyo, babu."

"Na ukiisha chaji, heshima inarudi?"

Watu walicheka, na binti yangu akacheka pia kwa mara ya kwanza tangu Februari. Mimi sikucheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa amekwisha kusema, si kwa sauti ndogo, kwamba watoto wa wasomi wa ukubwani ndivyo walivyo.

Bibi alikuwa mgumu kuliko kanisa zima. Nilimweleza kwa Kifipa, nikimchorea mstari na mabonde ardhini kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi asimame," alisema, "asimame juu yangu kama mkusanya ushuru." Kuanzia asubuhi ile, mtoto alipomsalimia akiwa wima, bibi hakuitika. Alikohoa tu. Kila alfajiri nilisikia sauti ya mwanangu, halafu kimya, halafu kikohozi. Mwezi wa tano wote ulikwenda hivyo, na upepo wa milima ya Mbizi ukaanza kushuka na baridi yake, na kikohozi cha bibi kikawa cha kweli na cha makusudi kwa pamoja, nisiweze kukitenganisha.

Jumanne ya tarehe 3 Juni tulirudi kituoni. Mstari wa goti ulikuwa vibonde vya bluu tupu. Mtaalamu alifurahi, akamtembeza binti yangu juu ya utepe, mtu wa vijiti naye akatembea bila kuuonea mguu wowote huruma. Ruhusa ya kukimbia taratibu ikatoka. Ya kushuka mpaka chini, bado. Labda mwezi wa tisa, labda baadaye. Nilipotupa jicho kwenye fomu ya mgonjwa aliyekuwa akitusubiri mlangoni, niliona chini ya swali la kanisa kumeongezwa neno kwa kalamu: salamu. Sikumsifu. Alikuwa amelipata swali hilo kwa goti la mwanangu.

Timu ya mkoa ilikuwa imekwisha kuondoka.

Tulifika nyumbani saa saba. Bibi alikuwa juani mlangoni kwake, amejifunika blanketi. Binti yangu alimwendea akasimama. Bibi akaanza kuvuta kikohozi chake. Ndipo mtoto akashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, akauteremsha mwili kwa mikono na mguu wa kushoto, ule wa kulia akautanguliza mbele umenyooka, akakaa chini mavumbini na sare yake ya shule, kichwa kikiwa chini ya magoti ya bibi. Akapiga makofi matatu.

Bibi aliitika. Aliitika kirefu, akauliza habari za shule, za mguu, za njia, za yule kijana wa Tanga, kama mtu aliyekuwa amelimbikiza mwezi mzima.

Nilisimama pale na kikapu mkononi, hasira ikinipanda upya. Kukaa chini na mguu umenyooka, kama alivyokaa msibani Laela, kama wanawake wa hapa wanavyokaa tangu zamani. Haikuhitaji mashine wala cheti. Niliingia ndani nikachukua daftari, nikaandika tarehe 3 Juni, bibi ameitika. Halafu nikahesabu kurudi nyuma hadi siku tulipopewa mkanda, tarehe 11 Machi. Siku themanini na nne, na zote angeweza kusalimia akiwa amekaa hivyo. Nilihesabu tena, nikitumaini nimekosea, nikapata zilezile.